Chingamu ya Karafuu na Yule Mtu wa Kawaida

Jumatatu, 6 Oktoba

Naanza kuandika leo kwa sababu kuanzia leo siamini mtu. Kichwa changu kinashika mambo kuliko vichwa vingi vya hapa Mwatate, lakini mtu akigeuza maneno ni vizuri uwe umeandika alichosema siku ya kwanza.

Barua imekuja. Anti Jemimah, dada ya baba yangu, aliisoma akiwa amesimama mlangoni pa duka lake, akakaa juu ya gunia la nta, akanipa. Mimi niliacha shule kidato cha pili (shule ndiyo iliyonishindwa), lakini nilimaliza kurasa zote kabla yeye hajameza mate. Kuelewa ni jambo lingine.

Mambo ni haya. Anti ana chingamu yake. Si ile ya kupuliza puto. Hii ni ya mtu anayeumwa na jino na daktari wa meno yuko mbali. Ndani kuna utomvu wa miti ya nyika, ule wachungaji wanautafuna, nta ya nyuki kutoka Ronge, na karafuu. Taabu ilikuwa kwamba ukiyeyusha utomvu motoni ndio uchanganye karafuu, dawa yote inapanda na moshi. Jikoni kunanukia pilau ya harusi, chingamu yenyewe haina kitu. Anti akaenda kinyume. Aligandisha utomvu kwa friza mpaka ukawa kama kioo, akautwanga na karafuu ukiwa bado baridi, akaukandamiza ukawa vidonge. Ukiweka mdomoni, joto lako mwenyewe linaurudisha kuwa chingamu, na dawa imo yote. Mwezi wa pili mwaka huu akapewa hataza, yaani karatasi ya serikali inayosema njia hii ni ya Jemimah, mwingine akiitaka aombe.

Sasa kampuni moja ya peremende ya Nairobi (jina siandiki, wasije wakanishtaki na mimi) inataka hataza ifutwe. Wanasema hapo hakuna uvumbuzi, ni jambo lililo wazi. Karafuu kwa jino, kila nyanya anajua. Barafu huvunja chingamu, kila mama aliyewahi kuitoa kwa sketi ya shule anajua. Ikifutwa, wao wataitengeneza kwa mitambo yao na Anti atabaki kuuza pakiti zao kwa duka lake.

Lakini hawa watu walijuaje habari ya barafu? Tunaoijua ni Anti, mimi, binti yake Lynn aliye chuo cha ufamasia, na Danson wa bucha ng'ambo ya barabara, kwa sababu friza ni yake. Toa Anti. Nitoe mimi. Waliobaki, nitawaangalia.

Jumanne, 7 Oktoba

Joto la kukaanga yai juu ya bati. Danson amepiga kelele kutoka bucha: "Filo! Mnatwanga leo?" Sijamjibu. Anataka kujua ya nini?

Ijumaa, 10 Oktoba

Tumeenda Voi kwa wakili wetu, Bi Mbithe. Mwanamke mfupi, miwani juu ya kichwa, anazitafuta kila saa. Njiani nilimwonya Anti: "Usimwambie kuna mtu ametuuza. Naye anaweza kuwa mmoja wao."

"Filo, huyu ni wakili wetu."

"Ndio maana yuko mahali pazuri pa kutuuza."

Amenitazama vile ananitazamaga, lakini hakusema lolote kule ofisini.

Wakili ametueleza kesi. Baraza linaloamua mambo ya hataza litajiuliza: mtu wa kawaida, mwenye ujuzi wa kawaida wa kazi hii, angeona njia hii wazi? Kama angeiona, si uvumbuzi.

Nikauliza, "Huyo mtu ni nani? Anaitwa nani? Anakaa wapi?"

"Hakuna mtu, Philemon. Ni wa kufikiriwa tu."

Sijaridhika. Mtu hayuko na bado anaweza kuchukua mali ya Anti? Kuna mtu. Wamemficha.

Halafu akauliza tulichukua muda gani kupata njia. Mimi nilikuwa nimengoja mtu aniulize kitu cha maana. "Muda? Wakili, ukiwa na kichwa kama hiki hakuna muda. Ni kuangalia tu na kujua."

Anti amenikanyaga mguu. Wakili amezishusha miwani kutoka kichwani (zilikuwepo wakati wote) na kusema pole pole: "Ukiongea hivyo mbele ya baraza, kijana, shangazi yako hana kesi."

Wivu huo. Watu wa chuo hawapendi sisi tunaojua bila chuo.

Jumapili, 12 Oktoba

Kanisani. Danson ametoa sadaka kubwa kuliko kawaida yake. Nimeona.

Jumatano, 15 Oktoba

Kuna mgeni bucha. Shati jeupe, viatu safi, na kwa vumbi la Mwatate viatu safi ni vya mtu mwenye gari au mwenye siri. Danson amemfungulia friza. AMEMFUNGULIA FRIZA. Mgeni amechungulia ndani kabisa, pale kopo letu la utomvu linapokaa, akasema kitu, wakacheka. Nimejificha nyuma ya magunia ya mahindi ya Mama Abby, jirani yetu, mpaka akaniuliza kama naumwa na tumbo.

Nilipomuuliza Danson, "Mgeni wako nani?" akasema, "Watu wa serikali, Filo. Kila mwezi wanakuja." Serikali! Hata hafichi.

Jumatatu, 20 Oktoba

Sikukuu ya Mashujaa. Lynn amekuja kutoka chuo. Amesuka vizuri, anaongea vizuri, kila kitu chake ni kizuri, ndio maana namshuku. Anti alipokuwa anatwanga, Lynn akatoa simu akampiga picha. Kinu, mchi, karafuu, kila kitu.

"Unapiga picha ya nini?"

"Nampiga mamangu picha. Kuna shida?"

"Ya kumtumia nani?"

"Wewe Filo uko sawa kweli?"

Nikamwambia alete simu nione. Akanipa, bila kubishana, na hiyo ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu mtu asiye na hatia hubishana. Picha zilikuwa za mikono ya Anti. Mikono tu. Akachukua simu yake na hajaniongelesha tena mpaka gari lake lilipoondoka.

Ijumaa, 24 Oktoba

Mawingu yamekaa juu ya mlima wa Chawia tangu asubuhi kama watu wanaosubiri kuitwa ndani. Huku chini hata tone.

Jumanne, 28 Oktoba

Stima imepotea tangu jana. Utomvu ukipata joto unashikana jiwe moja, kazi yote inaanza upya. Nimekwenda bucha nikiwa tayari kwa msiba, nikamkuta Danson amewasha jenereta. Ameondoa nyama yake upande wa baridi zaidi, ameweka kopo letu hapo.

"Nyama itauzwa leo," akasema. "Hiyo yenu haina mteja wa haraka."

Mtu hachomi petroli yake kwa ajili ya kopo la wenyewe. Labda kama kopo hilo ana hamu nalo.

Nimemwambia Anti. Akasema, "Filo, huyu ni Danson. Tumesoma naye Chawia, tumechunga mbuzi pamoja." Lakini jioni nimemwona amesimama dirishani anaitazama bucha muda mrefu. Neno langu limeingia.

Jumatatu, 3 Novemba

Mvua imekuja. Na mengine pia.

Ilianza saa nane hivi, ile mvua ya kwanza inayopiga mabati kama mtu anamwaga kokoto. Watu wote wa barabarani wamekimbilia chini ya paa la karibu, na paa kubwa ni la bucha. Nilikuwa huko nachukua utomvu. Danson alikuwa amechangamka, mvua inamchangamsha kila mtu hapa, akaanza kuwatania wateja. Akaninyooshea kisu, akasema, "Huyu Filo na shangazi yake wanagandisha utomvu! Siku ya kwanza nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikamwambia, Jemimah, utaula na aiskrimu?"

Watu wamecheka. Nami damu ikapanda. Mbele ya watu kumi anaimba siri yetu! Nikasema, na nimesema kwa sauti, sikatai:

"Ndivyo ulivyowaambia watu wa Nairobi? Walikulipa nini?"

Mvua ilikuwa kubwa lakini nadhani kila mtu amesikia. Danson akaweka kisu chini.

"Umesema nini?"

"Yule mwenye shati jeupe. Uliyemfungulia friza."

"Yule ni mkaguzi wa nyama, Filo."

"Mkaguzi anayecheka?"

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga kelele. Amefuta mikono kwa aproni, amefungua friza, ametoa kopo letu, akaliweka juu ya kaunta kati ya maini na matumbo. "Mwambie Jemimah," akasema, "kwangu kusigandishwe kitu chake tena."

Nimevuka barabara nimelikumbatia kopo kama mtoto, mvua inanipiga. Anti alikuwa mlangoni. Nilisubiri aniambie nimefanya vizuri. Amelipokea kopo, akaliangalia, akasema tu, "Kama ni yeye, sawa. Lakini kama si yeye?"

"Ni yeye," nikasema.

Nina uhakika. Karibu.

Alhamisi, 6 Novemba

Utomvu umekuwa jiwe moja. Friji ya Mama Abby haifikii hiyo baridi, inapoza soda tu. Kutwanga hakuna. Nimetafuna jiwe lenyewe kwa hasira, jino limenisema.

Jumatatu, 10 Novemba

Voi tena. Leo Anti hajanisikiliza. Kabla hata hajaketi amesema: "Wakili, kuna mtu aliiambia kampuni habari ya barafu. Tunataka kumjua ni nani."

Bi Mbithe amemtazama, akanitazama mimi. "Ni wewe," akamwambia Anti.

Nilisimama. Nikajua hata wakili ni mmoja wao!

"Keti, Philemon. Jemimah, ulipoomba hataza uliandika kila hatua, si ndio? Baridi, kinu, karafuu, vidonge. Yale yote yalichapishwa kwa jarida la serikali. Mtu yeyote anasoma. Hivyo ndivyo hataza ilivyo. Wewe unaiambia dunia yote jinsi unavyofanya, na serikali inaiambia dunia yote isifanye bila wewe. Siri haikuwepo tangu mwaka jana."

Nje gari moshi lilikuwa linapita. Mimi nilikuwa naangalia kalenda ukutani. Nikaona picha ya ndovu.

"Hakuna aliyetuuza," Anti akasema.

"Hakuna."

Kisha wakili akasema kitu kibaya zaidi. Karatasi haitatosha. Anataka mtu wa nje, asiye wa familia, aliyeona njia hii ikianza na hakuiamini. Mtu mwenye friza, kinu, aina hiyo. "Kama kuna mtu aliyewacheka," akasema, "huyo ni dhahabu. Jambo lililo wazi halichekwi."

Anti hakunitazama. Hakuwa na haja.

Jumatano, 12 Novemba

Nimeenda bucha. Danson amemuuzia kila mtu mpaka hakukubaki mtu, halafu akafunga.

Ijumaa, 14 Novemba

Nimeenda tena. Nikasema, "Mzee Danson, nilikosea." Nimelisema. Mdomo huu. Akasema, "Kilo ngapi?" Nimerudi na nusu ya matumbo ambayo sikuyataka.

Jumamosi, 15 Novemba

Anti amesema leo twende wote wawili, na nibebe chupa ya maji safi. Nikauliza ya nini, akaenda kufunga duka.

Danson alikuwa nyuma ya bucha akinoa visu. Anti hakuomba ushahidi. Amesema, "Danson, una kinyongo nami, na una haki. Lakini unajua kwetu kinavyofanya."

Mimi nimezaliwa chini huku, lakini nilijua anasema nini. Wazee wa Chawia wanasema hasira ikikaa moyoni inaweza kumwangusha mwenzako hata kama wewe mwenyewe humtakii mabaya. Lazima uitoe. Unachukua maji mdomoni, unayapuliza nje, unatamka amani. Wanaita kutasa. Danson ni mzee wa kanisa na kila Jumapili anavaa tai, lakini nimeona uso wake ulivyobadilika.

"Nikija kule kwenye kesi na moyo huu," akasema, "maneno yangu yatawaangukia nyinyi."

"Ndio maana nimeleta maji."

Akachukua chupa. Akazungusha maji mdomoni muda mrefu, na mimi nilikuwa nimesimama karibu nikitaka kuona vizuri. Akageuka. Akayapuliza yote usoni kwangu.

"Haya," akasema. "Moyo wangu uwe mweupe. Jemimah na aende na arudi salama. Na huyu kijana pia, ingawa ni mjinga."

Anti amecheka mpaka ameshika ukuta. Wanasema huwa yanapulizwa pembeni. Danson anaapa upepo uliyasukuma. Upepo haukuwepo, lakini sikusema. Kopo limerudi kwenye friza.

Alhamisi, 20 Novemba

Mvua. Mvua. Nimempigia Lynn simu. Nilipofika kwenye sehemu ya kuomba msamaha akasema, "Rudia, mtandao ulikatika." Mtandao haukukatika.

Jumanne, 25 Novemba

Kesi yenyewe.

Baraza lilikaa Nairobi na sisi tulikuwa Voi kwa ofisi ya wakili, mbele ya laptopu. Wazee watatu kwenye kioo, na pembeni wakili wa kampuni, Bwana Kaloki, sauti kama mafuta ya nazi. Mvua ilikuwa inagonga bati na wakili wetu amefunga madirisha yote, tukawa tunatoa jasho kama samosa.

Danson ameanza. Amevaa tai. Bwana Kaloki akamuuliza kama mke wake amewahi kutoa chingamu kwa nguo akitumia barafu.

"Mara nyingi."

"Kwa hiyo alijua barafu inaivunja?"

"Alijua."

"Basi ni jambo lililo wazi."

"Bwana wakili," Danson akasema, "mke wangu akiivunja huwa anaifagia. Hajawahi hata siku moja kuiokota akasema hii ni dawa. Nami nina friza. Mafuta ya ng'ombe yanaganda na kuvunjika mbele ya macho yangu kila siku ya Mungu. Jemimah alipokuja na kopo lake, nilimcheka mbele ya wateja. Kama lilikuwa wazi, mimi nilikuwa nacheka nini?"

Mmoja wa wale wazee aliandika kitu.

Halafu mimi. Bwana Kaloki alitabasamu. Alinitafuta, nasema kweli, mtu yule alikuwa amenisoma.

"Philemon, nimesikia wewe ni kijana mwerevu sana."

"Watu wanasema."

"Ulikuwa unafanya kazi hii na shangazi yako tangu mwanzo. Kwa kichwa kama chako, nadhani jibu halikuchukua muda. Ulitazama tu ukajua. Si hivyo?"

Maneno yangu mwenyewe! Yalikuwa kwenye ncha ya ulimi, yamevaa viatu, yako tayari kutoka. Anti alikuwa anaangalia mikono yake juu ya magoti, ile mikono ya kwenye picha ya Lynn. Ndipo nikaelewa yule mtu wa kawaida ni nani na amekuwa wapi siku zote. Nikisema mimi ni mwerevu, Anti amepoteza. Ili yeye awe amegundua, lazima mimi niwe nilikuwa pale, na moto, na sufuria, na utomvu ule ule, na sikuona.

"Hapana," nikasema. "Ilinishinda."

"Ilikushinda?"

"Mheshimiwa, ilinishinda vibaya." Na nikishaanza kusema kitu siwezi kukisema kidogo. "Mimi si mtu wa kushindwa ovyo, uliza Mwatate yote. Lakini hii nilishindwa kuliko mtu yeyote. Niliyeyusha kwa makaa, dawa ikaenda. Nikaweka karafuu mara mbili, ikaenda mara mbili. Nikafunika sufuria na unga kama biriani, ikapasuka, dari iko na alama mpaka leo. Nikachanganya na asali, nyuki wakaja na wenzao. Nikamwambia Anti, hii kitu haiwezekani, wacha tuuze mishumaa. Na wakati wote huo friza ilikuwa ng'ambo ya barabara. Nilikuwa naingia humo kila siku kununua nyama. Sikuona."

Mzee wa katikati alifunika mdomo. Bwana Kaloki akasema hana swali lingine.

Nje Danson amenipiga bega. "Kumbe unaweza kusema ukweli bila kufa."

Nimetoka jasho mpaka kwa viatu. Sijawahi kuongea vizuri hivyo maishani, na nilikuwa nasema nilivyo mjinga.

Jumatatu, 1 Desemba

Kusubiri. Mvua imepungua. Mahindi ya Mama Abby yanafika gotini.

Jumanne, 9 Desemba

Kusubiri. Yule mkaguzi wa nyama amekuja. Nimemsalimia. Viatu vyake ni safi kwa sababu anavifuta kwa leso kabla ya kuingia. Nimemwona.

Alhamisi, 18 Desemba

Uamuzi umetoka. Bi Mbithe ametusomea kwa simu, spika imewashwa, duka limejaa watu waliokuja kununua kitu na hawakununua.

Karafuu ndani ya chingamu, baraza limesema, ni jambo lililo wazi; hiyo iko huru kwa kila mtu. Anti alifumba macho. Lakini kugandisha, kutwanga kwa baridi na kukandamiza, hiyo njia si wazi, na hataza yake inabaki ya Jemimah. Kampuni ikitaka karafuu, iyeyushe utomvu motoni kama mimi, na harufu iwaburudishe.

Anti hakupiga vigelegele. Alisema "Asante, wakili," akakata simu, akaenda nyuma ya duka, tukasikia bomba la maji limefunguliwa kwa muda mrefu.

Uamuzi wenyewe umetumwa kwa simu ya Lynn, aliye nyumbani kwa likizo, na ni Danson aliyeunyakua akawasomea wateja wote wa bucha yake, kwa sauti ya kusoma Injili. Hapo ndipo nimejua wameniandika. Jina hawakuweka. Wameandika: "Shahidi wa pili, mtu mwenye ujuzi wa kawaida wa kazi hiyo, alijaribu kwa bidii bila kufaulu."

Mtu wa kawaida. Imeandikwa na serikali, imechapishwa, mtu yeyote anasoma.

Bucha nzima imepasuka kwa kicheko. Lynn amenipiga picha ya uso wangu wakati huo huo, na sikumwomba simu.

Ijumaa, 19 Desemba

Jua. Danson amepiga kelele kutoka ng'ambo ya barabara, watu wote wamesikia: "Mtu wa Kawaida! Mnatwanga leo?"

Nimemjibu tunatwanga. Kisha nimevuka nikamweleza tunaanzaje, kipi kinaingia kwanza na baridi inatakiwa kiasi gani, yote mpaka mwisho. Alikuwa anajua kila kitu. Amesikiliza hata hivyo, huku ananikatia nyama.